Mwenye Neno Aseme

Mtu akitaka kumjua Mama Mkasi asihangaike na uso wake, aangalie kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa na sugu ngumu kama gamba la kobe, sababu ya mkasi mzito wa kukatia kaki, na mkasi huo hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata kuusogeza tu ili apitishe kikombe. Jina likatoka hapo. Lile la kuzaliwa watu walishalisahau, naye hakuwakumbusha.

Alishonea jeshi tangu hajaolewa. Karakana ya kambi ilikuwa chumba kirefu cha bati, madirisha upande mmoja tu, vyerehani vya kukanyaga vimepangwa mstari, na kwenye kona meza ya pasi ambayo mwanamke mmoja alikaa nayo mchana kutwa akijikausha kama samaki. Mama Mkasi aliolewa akiwa hapo, akazaa mtoto wake mmoja wa kiume akiwa hapo, akafiwa na mume akiwa hapo, na kila mara alirudi kwenye cherehani chake watu wakiwa bado wanamsikitikia. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa anauza chai kwenye lango la kambi, alikuwa akisema, "Huyu wifi yangu ukimwambia kitu ni cheupe, atakwenda kwanza akakifue ndipo akubali."

Sasa vita vilipopamba moto, malori yakaleta watu wa kujitolea kutoka nchi ya mbali, ng'ambo ya mipaka miwili. Hakuna aliyewaita. Walikuja wenyewe, wengine kwa uchungu wa mambo waliyoyasikia, wengine kwa kuwa kwao hapakuwakalia sawa. Na walipokwisha kuondoka, serikali ya kwao ikatangaza kwamba aliyekwenda kubeba bunduki ya watu wengine asirudi. Akirudi, ni jela.

Siku walipofika walikuwa hoi, vumbi mpaka kwenye kope. Watu waliotoka barabarani kuwapokea wakawa wanawaambia, "Poleni! Poleni sana! Pole, baba, pole!" kama anavyoambiwa mtu yeyote aliyetoka safari. Mmoja wao, mrefu, masikio yamechomoza kama vishikio vya sufuria, akalidaka neno hilo akaliweka kibindoni. Akajua ndiyo salamu ya nchi. Kuanzia kesho yake ni hilo tu. Mkuu wa kambi akipita, "Pole, afande!" Wanawake wakitoka kisimani, "Pole, pole, pole," mmoja mmoja, bila kuruka hata mmoja. Karani wa kambi alipooa, huyu bwana akapanda mpaka kwa bibi harusi, akampa mkono kwa heshima zote, akasema, "Pole, dada." Watu walianguka. Mama Mkasi, ambaye ndiye aliyelishona lile gauni, alicheka mpaka akaomba kiti, kisha akasema, "Mwacheni jamani, hajakosea hata kidogo."

Basi akaitwa Pole. Hakuna aliyemsahihisha. Ilikuwa raha kumsikia, na tena kwa nyakati zile ukimpa mtu yeyote pole hukuwa umeipoteza, kila mlango ulikuwa na lake.

Mtoto wa Mama Mkasi alikuwa kikosi kimoja naye. Walikuwa wanakula sahani moja, wanazungumza kwa vidole na kwa macho, na suruali zao zikichanika wanaleta karakana pamoja. Mama Mkasi alimpenda yule mgeni kama unavyompenda mtoto wa jirani ambaye hajui kuomba kitu akaeleweka.

Siku ikafika. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, karakana imefungwa kwa mapumziko, na Mama Mkasi yuko uani kwake anaanika nguo. Akamwona Pole anakuja peke yake kwa miguu. Kumbe lori la jeshi lilikuwa limekwama kwenye matope kule chini. Ofisa aliyebeba habari alibaki anasukuma na wenzake, akamwambia Pole atangulie upesi, mama asije akasikia kwa majirani. Hakukumbuka kwamba mtu anayemtuma hana maneno.

Pole akasimama mbele ya kamba ya nguo, kofia mkononi.

"Pole, mama."

"Pole na wewe, baba! Leo umeingiwa na adabu gani mpaka umevua kofia?"

"Pole, mama. Pole."

"Ala! Leo umenisalimia na ya kesho kabisa." Akacheka. "Kaa hapo kivulini. Mwenzako umemwacha wapi? Mwambie aniletee ile suruali yake iliyochanika, asije akatembea matako nje mbele za watu, nikaaibika mimi fundi."

Akaingia ndani huku bado anacheka, akamletea maji. Pole akayapokea kwa mikono miwili, akayanywa. Akasema tena neno lake lilelile, midomo inamtetemeka, na Mama Mkasi akadhani ni baridi ya maji ya mtungi. Akatia mzaha mwingine. Alikuwa katikati ya kicheko alipomwona ofisa anatokeza kwenye pembe ya ukuta, matope mpaka magotini.

Yaliyofuata tuyaache. Aliyezika mtoto anayajua, na asiyeyajua Mungu amwepushe nayo.

Kilichomkaa Mama Mkasi rohoni hakikuwa lile bomu la ardhini lililomuua mwanawe wala waliolitega. Hao hakuwajua sura. Kilichomkaa ni kule kucheka. Mwanawe amelala maiti, yeye mama yake anapiga soga, mbele ya mtu anayejua. Na huyo mtu akanywa maji yake. "Aliniacha nikacheka," alimwambia wifi yake mara moja tu, na hakurudia.

Pole naye tangu siku ile hakumsalimia mtu kwa neno lile tena. Akajifunza lugha kwa bidii ya mtu anayechimba kisima huku kwao kunaungua. Alipokwisha kupata maneno akaenda kwa Mama Mkasi akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa, akaonekana ni nani, ukafungwa. Akaenda tena. Safari ya tatu mlango haukufunguliwa hata kidogo.

Lakini nguo zake zilishonwa. Hilo mtu asije akamsingizia Mama Mkasi. Zilishonwa kwa mshono uleule wa kila mtu, tena pengine ulionyooka zaidi, maana hasira zake hakuziruhusu zipite kwenye sindano.

Vita vikaisha. Wapo waliodhani vita vikiisha vimeisha, kumbe vita ni kama mgeni mchafu, anaondoka anakuachia kufagia. Mashamba yalijaa mabomu, njia za kisimani zimejaa mabomu, hata uwanja wa shule. Wale wa kujitolea wakabakishwa jeshini kwa kazi hiyo ya kutegua, kwa sababu walikuwa wameshaizoea na kwa sababu, tuseme ukweli, wenye nchi wengi hawakuikimbilia. Wakaendelea kulala kambini, kuvaa kaki, kupiga saluti kwa bendera isiyo yao, mwaka ukaingia na mwingine ukafuata.

Kisha ikaja amri kutoka juu: wa kujitolea wote ama waape wawe askari wa nchi hii moja kwa moja, ama wapakiwe malori mpaka mpakani. Mkuu wa kambi ile akaongeza la kwake. Alisema hawa watu wameishi katikati ya raia, basi raia ndio watakaosema. Kila anayeapa asimamiwe na mwenyeji mmoja pale uwanja wa gwaride, na kabla hajainua mkono, iulizwe kwa sauti: mwenye neno juu yake aseme. Neno likitokea, hakuna kiapo. Na haikuwa utani. Kundi la kwanza lilipoapishwa, mmoja wao mwenye pengo, aliyesimamiwa na kinyozi, alikwamia hapohapo: mwenye duka la nyama alinyanyuka akasema huyu alimpiga mwanangu, na jioni ile mwenye pengo akafunga begi.

Basi kambi nzima ikajua kitu kimoja. Pole hana adui ila mmoja, na huyo mmoja anatosha.

Wifi akaja karakana na birika lake.

"Wifi, nimekuja na chai na neno."

"Chai weka mezani. Neno rudi nalo."

"Litapoa njiani."

"Likipoa, lipashe hukohuko langoni kwako."

Wifi akamimina chai kwanza, maana alimjua mtu wake. "Nimekubali kumsimamia Pole."

Cherehani kikanyamaza. "Wewe? Wewe shangazi wa mwanangu?"

"Mimi, shangazi yake. Nililia kama ulivyolia, wala usinipimie machozi kwa futi. Lakini jela ni jela, wifi. Na yule mtoto aliyempenda Pole si mimi niliyemzaa, ni wewe."

"Msimamie. Miguu ni yako. Na mdomo huu ni wangu."

"Kwa hiyo utasema?"

"Mkuu akiuliza, mimi si bubu."

"Utasema nini? Kwamba alikuja akakusalimia?"

Mpiga pasi kule kwenye kona akajifanya anatafuta maji ya kunyunyizia. Mama Mkasi akaitazama ile chai mpaka ikafanya utando.

"Chukua birika lako uende," akasema.

Kila anayeapa alitakiwa avae nguo mpya, na nguo mpya hupimwa. Pole akaja zamu yake. Alikuwa ameshakuwa mtu mzima, shavu moja lina kovu, na lugha anaizungumza kama mwenyeji, anakosea tu akikasirika. Lakini Mama Mkasi hakusema naye. Alisema na mpiga pasi.

"Mwambie anyooshe mkono."

"Nyoosha mkono, baba," mpiga pasi akasema.

"Mwambie asivute pumzi kama anayezama, nguo itakuja kumbana."

"Anasema upumue."

"Nimemsikia," Pole akasema. Kisha akageuka naye kwa mpiga pasi, uso umekauka. "Mwambie mama, siku hizi najua kusema. Naomba niseme ya siku ile."

Mpiga pasi hakujua atazame wapi. Mama Mkasi akaandika kipimo cha kifua kwa chaki juu ya meza. "Mwambie karakana ni mahali pa kushona."

"Mwambie, kama ana neno uwanjani, aseme. Sitaweka kinyongo."

Mama Mkasi akaishusha ile futi ya kupimia polepole shingoni mwa Pole. Sauti ilimtoka chini sana, mpaka mpiga pasi akasahau mkono wake ulikuwa na nini, kola ya sajini mmoja ikapata doa la kahawia ambalo halikutoka tena.

"Mwambie sikuwa nangoja ruhusa yake."

Ile nguo aliishona mwenyewe, hakumpa msaidizi. Kama mtu huyo ataapishwa au atapakiwa lori, shauri lake na Mungu wake, lakini hatatoka mkononi mwa Mama Mkasi bega limepinda.

Siku ya kuamkia gwaride, jua likiwa bado halijazama, alikuwa uani anaanua nguo, na akawa anajaribu neno lake kimoyomoyo, kama mtu anavyojaribu nguo kabla hajatoka nayo. *Afande, huyu alininyamazia.* Akasimama na kibanio mdomoni. Hakunyamaza. Alisema. Alisema mara ya kwanza, akasema ya pili, na baada ya maji akasema tena. Alikuwa na neno moja tu duniani na siku hiyo lilikuwa ndilo lenyewe. *Afande, huyu alikunywa maji yangu.* Nani alimpa? *Afande, huyu alinifanya nicheke.* Hapo hata yeye alijionea haya, kwa kuwa Pole siku ile hakufanya kitu cha kuchekesha. Alisimama tu na kofia.

Ikawa kila neno analolijaribu linambana kwapani.

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nguo mapajani. Wanne ndio waliotoka siku ile kukagua njia, akarudi mmoja. Yule ofisa wa matope alikuwa amemwambia kwamba mwanawe alikufa kishujaa, na mwezi uliofuata akamsikia anamwambia mama mwingine maneno hayohayo, kwa mpangilio uleule, kama mtu anayegawa sare. Ofisa mwenyewe hakuwapo. Mwanawe alifia wapi hasa, alikuwa anazungumza na nani, alianguka au alikaa, alimtaja mtu au hakumtaja, hayo yote yalikuwa ndani ya kifua cha mtu mmoja, kifua alichokipima mwenyewe juzi. Naye miaka yote hiyo alimfungia mlango. Na mtu huyo akipakiwa lori, anakwenda nayo.

Hakulala na uamuzi. Alilala na hasira, kama alivyozoea, ila safari hii hakujua ni za nani.

Uwanja wa gwaride ulijaa. Raia walikaa upande wa ukuta, askari upande wa bendera. Walioapa wakaapa, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyewagusa. Ikafika zamu ya Pole. Ile nguo ilimkaa kama alizaliwa nayo.

"Nani anamsimamia huyu?" akauliza mkuu wa kambi.

"Mimi, muuza chai wa langoni," wifi akasema. "Na nyote mnanijua, hata wale ambao huwa mnasema hamkuniona."

Watu wakacheka kidogo. Kicheko kikafa chenyewe.

"Mwenye neno juu yake aseme."

Hakuna aliyemtazama Pole. Vichwa vyote viligeukia ukutani, kwa Mama Mkasi. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. Akanyanyuka.

"Ninalo."

Wifi akajishika kichwa. Pole hakutikisika, alitazama mbele tu kama askari anavyofundishwa.

"Sema, mama," mkuu akasema.

"Huyu alikuja kwangu na habari ya kifo cha mwanangu. Yeye hakujua kusema, na mimi sikujua kusikia. Nikacheka." Akaupitishia macho umati wote. "Mnajua kwamba nilicheka. Nikipita mnanyamaza, kama vile mimi sijui kwamba mnajua. Basi, leo nimesema mwenyewe, pumzikeni."

"Kwa hiyo unamkataa, mama."

"Usinitie maneno mdomoni, afande, yangu yananitosha. Nasema hivi, huyu hajamaliza. Ameikalia habari yangu miaka, na mimi ndiye niliyemfungia mlango asiitoe, hilo nalo lisikieni. Sasa mnataka mumpakie lori aende akafungwe nayo huko, halafu mimi nikamuulize nani? Neno langu ndilo hilo. Abaki amalize."

Mkuu wa kambi alikuwa mtu wa makaratasi, hakuwa amejiandaa kwa jambo la namna hii. "Mama, kiapo si cha kumaliza habari. Kiapo ni cha maisha."

"Basi ataisema polepole."

Watu wakataka kucheka wakaogopa, wakamtazama kwanza yeye. Mama Mkasi hakucheka. Alikuwa ameshakaa, anaipanga kanga yake magotini. Mkuu akamtazama wifi, wifi naye akamkazia macho mpaka mkuu akainamisha ya kwake.

"Inua mkono," akamwambia Pole.

Alasiri ya kesho yake Pole alikuja karakana. Mpiga pasi akakumbuka ghafla kwamba ana shida kubwa ya mkaa, akatoka. Mama Mkasi alikuwa anatia pindo kwenye suruali, hakuinua kichwa. Akamwonyesha kigoda kwa mguu.

"Haya. Anza."

Pole akakaa. "Sijui nianzie wapi, mama."

"Mimi fundi nguo. Anzia kwenye nguo. Alikuwa amevaa nini?"

Pole akafikiri. "Koti la jeshi. Na sweta ndani. Ile sweta alikuwa ameigeuza, mshono uko nje."

"Kwa nini?"

"Alisema sufu inamwasha shingoni. Akasema nisije nikakwambia, kwa kuwa ulimfumia wewe."

Mguu wa Mama Mkasi ukaacha kukanyaga. Akaondoa suruali chini ya sindano, akaikunja, akaiweka kando.

"Tangu akiwa mchanga," akasema. "Nilimfumia soksi akizaliwa, akalia mpaka zikavuliwa. Nikadhani amekua akazoea." Akaokota uzi ulioanguka sakafuni. "Alikuwa na njaa?"

"Hapana. Tulikuwa tumeshakula."

"Mlikuwa mnakwendaje? Nani mbele?"

Hapo maneno yakamkwama Pole, safari hii si kwa kutoyajua. Akainua mikono, akaonyesha hewani jinsi njia ilivyopinda, haikueleweka. Mama Mkasi akavuta kopo la vifungo akamsogezea. Pole akatoa vinne, akavipanga juu ya meza, kimoja nyuma ya kingine, kwa nafasi, akachora na njia kwa chaki.

"Huyu wa pili ndiye yeye," akasema. "Mimi nyuma kabisa."

Mama Mkasi akakisogelea kile kifungo cha pili mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Hakukigusa.

Mlinzi mwenye funguo akachungulia mlangoni. "Mama, nafunga."

"Funga kwingine kwanza." Kisha akamgeukia Pole. "Na huyu wa tatu ni nani? Mbona umemweka karibu hivyo?"

Pole akakiweka kidole juu ya kifungo cha tatu, akaanza kueleza.